Kutu ya Kahawa na Kutu ya Jiwe

Shida yangu ilianza mwaka 1949, nikiwa na miaka tisa. Baba alikufa kwa homa katikati ya mvua, nami nikatoka darasa la pili, sikurudi tena. Nautaja mwaka huo kwa sababu wiki iliyopita nililetewa habari kwamba yule bwana wa idara ya mambo ya kale, ambaye Mbinga nzima ilimwita Bwana Ukungu, amefariki katika chumba cha uani kwangu alichokuwa amepanga. Hakuwa ndugu yangu. Hakuwa wa dini yangu. Alitoka Tanga, akaletwa huku kwa barua ya serikali, na barua nyingine ya serikali ikamtupa hukuhuku. Lakini kifo chake kimenikaa kooni kama mwiba wa samaki mbasa, na siwezi kuwaeleza sababu bila kuanzia kwenye jiwe ambalo bibi yangu alinipeleka kuliona mwaka ule.

Wasomaji wa milimani mnaijua ile nguzo iliyo kando ya njia ya zamani ya kushukia ziwani. Wa mbali niwaeleze. Ni jiwe laini la mchanga, lilitolewa ufukweni upande wa Lundo, likapandishwa huku juu kwa mabega, likachongwa majina ya wapagazi. Hao ni watu wetu waliobebeshwa mizigo katika vita ya Mjerumani na Mwingereza, wakashuka nayo, wasirudi. Babu yangu mzaa baba ni mmoja wao. Hakuna anayejua alianguka wapi. Bibi alinishika kidole, akakipitisha ndani ya herufi moja baada ya nyingine, akasema, "Huyu ndiye babu yako. Mwamkie." Nikaliambia jiwe shikamoo. Kusoma nilianzia hapo, kwa kidole, na mengine nimejiokotea mwenyewe kwenye magunia, kwenye mizani, na kwenye magazeti ya kufungia sukari. Wenye digrii wanaoniuliza nilisomea wapi hata nikapewa safu gazetini, basi jibu ndilo hilo.

Miaka mingi baadaye, Bwana Ukungu alifika kwangu siku moja akiwa amevaa suruali iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali, na shingoni amening'iniza kioo cha kukuzia kwa kamba ya kiatu. Wakati huo lori langu lilikuwa pekee lenye uhakika wa kupanda mlima masika.

"Shikamoo mzee. Nimeambiwa gari inapanda kesho. Naomba lifti, naenda kutazama ukungu."

Dereva wangu alikuwa chini ya lori, akatoa kichwa. "Ukungu? Bwana mkubwa, usijisumbue. Lala hapahapa, alfajiri fungua dirisha. Utauona mpaka ushibe."

Hakucheka. "Siyo ukungu wa hewani. Ukungu wa kwenye mawe. Kuvu."

"Kuvu kama ya mkate?" nikamuuliza.

"Binamu yake."

"Na serikali inakulipa kutazama binamu wa kuvu ya mkate?"

"Inanilipa kidogo," akasema, "na inachelewa."

Nikampakia. Kwa hilo la mwisho niliona ni mtu mkweli. Jina la Bwana Ukungu lilianza siku hiyo kwa mdomo wa dereva wangu, likafika mjini kabla yetu.

Simpambi marehemu. Alikuwa mtu wa majivuno, na mimi nayajua majivuno kwa sababu ninayo. Alilalamikia baridi, akalalamikia chai yetu, na ugali wetu aliula kama mtu anayemeza dawa. Mtu akimwambia neno la kijinga hakujua kulipita, lazima alisimamie: "Hapana, hujui." Alimwambia hivyo diwani. Alimwambia hivyo mama mmoja mkwe wa mtu, mbele ya wakweze. Lakini alipopiga magoti mbele ya jiwe alikuwa mtu mwingine. Kwanza alilitazama kavu. Kisha alilidondoshea maji, akasubiri. Doa likigeuka kijani, akasema huyo ni kuvu anayeishi na mwani, wamegawana nyumba, mmoja anapika na mwingine anashika paa. Likibaki jeusi tii, akasema huyo yuko peke yake, na huyo ndiye wa kumwogopa. Alikwangua chembe kwa ncha ya kisu, akazitia kwenye kiberiti kitupu, akaandika juu jina na mahali: nguzo, upande wa mashariki, makaburi ya Lituhi, msalaba wa tatu. Alikuwa na viberiti hivyo rafu nzima ofisini kwake.

Majina yake yalikuwa ya Kilatini, marefu kama treni. Siku moja nikamwambia anitafsirie kwa lugha ya mtu mwenye nyumba. Akafikiri, akasema, "Haya. Wako wapangaji, wako walaji." Wapangaji ni wale wa rangi ya chungwa, na wengine wa kijivu walionata kama gome kwenye mti. Wamekaa juu tu, wanakua taratibu kuliko ukucha, na wengine wanalikinga jiwe na mvua. Ukiwabandua kwa nguvu wanaondoka na ngozi ya jiwe. Walaji ni vile vidoti vyeusi unavyodhani ni masizi. Hao huingia ndani, kati ya punje na punje, na jiwe lenyewe halijui linaliwa mpaka siku linamomonyoka. "Kwa hiyo wewe kazi yako ni kujua nani mpangaji na nani mlaji," nikamwambia. "Hiyo tu," akasema. "Na watu wengi hawaijui." Nikaona ni kazi ya maana. Mimi mwenyewe nimeishi kwa kutenganisha mnunuzi na tapeli.

Kisha ikaja ruhusa. Nakumbuka jinsi redio ilivyotangaza, kwamba sasa kila mwenye uwezo anunue kahawa, kila mwenye uwezo auze dawa. Mimi nilikuwa mwenye uwezo, nikanunua. Sikuiba, na anayesema niliiba aje na shahidi wake. Lakini sitawadanganya kwamba ruhusa ile ilikuja kwa wote sawa. Zamani chama cha ushirika kilikuwa kikileta mrututu, ile dawa ya bluu ya kupulizia kahawa, mkulima akaikopa na kukatwa wakati wa mavuno. Chama kilichelewa kulipa, chama kiliiba, yote kweli. Ila mrututu ulifika. Baada ya ruhusa ukahamia dukani, kwa fedha taslimu, na mara nyingine ndani ya mfuko mlikuwa na chokaa iliyotiwa rangi. Msimu wa pili tu, geuza jani la mkahawa wowote mlimani, chini yake unakuta unga wa rangi ya chungwa. Kutu. Majani yakadondoka mpaka mikahawa ikabaki kama fagio. Watu wakakaa wanatazamana, na mtu mwenye hasara akikaa sana hutafuta mwenye kosa aliye karibu. Serikali ilikuwa mbali. Jiwe lilikuwa karibu.

Mkutano uliitwa palepale penye nguzo, baada ya misa ya Jumapili. Mwenyekiti wa kijiji alivunja jani la mkahawa, akaligeuza, akalibandika juu ya jiwe pembeni ya doa.

"Tazameni wenyewe, mimi sisemi. Rangi moja, unga mmoja. Kutu imekaa hapa tangu zama za babu zetu, upepo unaichukua unaitupa mashambani. Miaka yote tumepulizia watoto, mama yao tumemwacha anazaa."

Watu wakaguna kukubali. Na niseme haki, halikuwa neno la kipumbavu. Kwetu mkahawa ukiugua sana unang'olewa ili kuponya iliyobaki. Mtu aliyekulia katika kazi hiyo angefikiri nini kingine? Rangi zilikuwa sawa kabisa. Hata mimi nilizilinganisha.

Bwana Ukungu akasimama. Hakusalimia wazee, na hapo tayari alikuwa amepoteza nusu ya mkutano. "Rangi siyo jina," akasema. "Kutu ya kahawa inaishi kwenye jani bichi. Jani likifa na yenyewe imekwisha. Hii ya jiwe haijaonja jani tangu iumbwe. Nitawaonyesha." Akatoa chupa ndogo ya soda kali, ile tuliyopikia sabuni miaka ya uhaba. Akadondosha tone kwenye jani lenye kutu. Haikutokea kitu. Akadondosha tone jingine kwenye doa la jiwe, na lile doa likageuka jekundu, likaiva mpaka rangi ya damu ya ng'ombe, likachuruzika chini juu ya majina.

"Mmeona?" akasema kwa furaha. Nilikuwa sijawahi kumwona na furaha mbele za watu. "Hazifanani! Ni vitu viwili tofauti!"

"Yesu na Maria!" mama mmoja akapiga kelele. "Jiwe linatoka damu!"

"Damu ya nani hiyo? Si ya wapagazi?"

"Ondoeni watoto hapo!"

Mwenyekiti alisubiri kelele zipungue. Alikuwa mjanja, tena mchekeshaji. "Bwana, tunakushukuru. Umetuthibitishia. Ya kahawa haina damu, hii ina damu. Kumbe hii ndiyo kubwa lao."

Watu wakacheka, cheko la mtu anayeogopa. Yeye naye, badala ya kungoja, akaanza kueleza rangi ile inatokana na nini, na kutaja majina yake ya treni. Mzee mmoja aliyekuwa akitumikia misa tangu ujana akamkata. "Mwanangu, padri mwenyewe siku hizi anasema Kiswahili. Wewe Mwislamu Kilatini umekiokota wapi?" Hapo nikajua tumekwisha.

Nikasimama mimi. Nikawaambia humo limo jina la babu yangu, naye hana kaburi jingine duniani, na atakayelikwangua jiwe lile anamkwangua yeye. Nilisema kwa Kimatengo ili nisikike vizuri. Nilisikika. Mkulima mmoja, mtu mpole ambaye mashamba yetu yamepakana, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee. Wewe kutu haikuumi. Kahawa yetu ulinunua wewe, mrututu unao stoo. Tupe mrututu, nasi tukuachie jiwe lako."

Nikawaambia waje wachukue pipa lililokuwapo. Wakacheka tena. Pipa moja kwa vilima vyote hivi? Na katika hilo walikuwa sahihi. Mnaona jinsi lilivyokaa: aliyejua jina la ugonjwa hakuaminiwa kwa sababu ya mdomo wake, na aliyemuunga mkono hakuaminiwa kwa sababu ya stoo yake. Mikono ikanyooshwa kupiga kura. Jiwe lisafishwe.

Dawa walishauriwa na mwenye duka la pembejeo, kijana wa mjini aliyekuwa akiuza shoka, madaftari, mrututu na betri za magari kwenye kaunta moja. Akawaambia jiwe ni gumu, mrututu hautaingia, litangulizwe maji ya betri kisha lisuguliwe kwa brashi ya waya, ndipo lipuliziwe mrututu. Aliwauzia vyote vitatu. Mimi siku hiyo nilikuwa narudi kutoka Lituhi na mzigo wa dagaa, nikawakuta wameanza. Jiwe lilikuwa likitoa povu na kuchemka kama sufuria ya maziwa. Kila waya ulipopita, uliondoka na madoa, na chini ya madoa uliondoka na ngozi, na herufi zilikuwa kwenye ngozi. Bwana Ukungu alikuwa amekaa chini pembeni, suruali yake ya pasi kwenye tope. Waliposimama kupumzika nikapeleka kidole mahali nilipopajua hata gizani. Palikuwa laini kama sabuni iliyotumika. Kisha wakalipulizia mrututu wao wa mwisho, ambao ungefaa kwenye mikahawa, na jiwe likabaki la bluu hadi mvua zilipoliosha.

Msimu uliofuata kutu ilikuja kama kawaida, labda zaidi. Hakuna aliyeitisha mkutano. Mwenyekiti nikikutana naye njiani ananiuliza habari za nyumbani, za kahawa, za wajukuu. Ya jiwe hajanitajia mpaka leo.

Mwaka uleule wa kuoshwa jiwe, serikali ikapunguza watumishi. Mlipunguzwa wengi, mnajua wenyewe jinsi barua zile zilivyoandikwa kwa adabu. Barua ya Bwana Ukungu ilimshukuru kwa utumishi wake na kumtaka akabidhi ofisi. Aliporudi na funguo akakuta vitu vyake vimekwisha kutolewa nje, kwa sababu chumba kile kilikuwa kimepata mpangaji mfanyabiashara. Viberiti vyake vya kuvu, vya kutoka Ngumbo, vya Lituhi, vya ile nguzo kabla haijaoshwa, vilikuwa vimemwagwa kwenye shimo la choo. Aliyevimwaga alijitetea bila ubaya wowote: "Nilivifungua, bwana, havikuwa na njiti hata moja." Nauli ya kurudishwa kwao Tanga aliambiwa asubiri. Akasubiri katika chumba changu cha uani, akiuza mafuta ya taa kwa chupa, mpaka wiki iliyopita.

Jioni tulikuwa tukikaa barazani na kugombana. Nilimwambia, "Wewe ndiye uliyelimaliza lile jiwe. Ungelitetea kama mtu, ungeomba, ungewaamkia wazee, usingewaonyesha damu." Akasema, "Nilithibitisha." Nikamwambia kuthibitisha siyo kuongea na watu. Akasema, "Mzee, mimi sikuletwa hapa kuongea na watu, nililetwa kutazama jiwe." Hilo hatukulimaliza. Kila mwaka mvua zikikatika alipanda kwa miguu kwenda kulitazama tena, mtu asiye na mshahara wala ofisi, na akirudi nilikuwa namuuliza. Mwaka jana nilimuuliza kama kuna dawa ya kurudisha herufi. Akanijibu kwa namna yake, bila kunifariji: "Hapana." Kisha akaongeza kwamba vidoti vyeusi vimerudi, vingi, vimejaa kwenye mikwaruzo ya waya. Wale wa rangi ya chungwa, bado. "Walaji ndio wanaorudi kwanza," akasema. "Mpangaji anataka miaka mingi."

Nimelala na neno hilo mara nyingi. Tangu ruhusa ije tumeoshwa sana sisi, kwa brashi ya waya. Chama kilikuwa na madoa, tukakikwangua chote. Ofisi zilikuwa na wazembe, zikakwanguliwa, na mtu wa viberiti akaondoka na wazembe. Sasa tazama nani wamerudi kwanza kwenye mikwaruzo. Mwenye duka la pembejeo ana ghorofa. Na mimi nimo, msinichekee, mimi nami nilistawi katika mwaka ule ambao wengine walipukutika. Siyo kwamba nataka uhaba urudi, niliyeoga kwa sabuni ya majivu sina hamu nao. Nasema hatukuuliza. Tuliona rangi ya chungwa tukaita kutu, tukaona doa tukaita uchafu, tukaona mtu anatazama mawe tukaita hasara. Ukikiita kitu kwa jina lisilo lake, utakitibu kwa dawa isiyo yake, na utaua kilichokuwa kinakulinda. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Hapo siwaungi mkono. Asiyejua ndiye wa kuambiwa, tena kwa shikamoo, tena kwa lugha yake, na hilo ndilo kosa la marehemu. La kwetu ni kubwa zaidi, maana yeye alikosea adabu tu.

Tulimzika Alhamisi. Waislamu wa mjini, wachache kama walivyo, walimsalia na kumfukia vizuri. Kutoka ofisi yake ya zamani hakuja mtu. Nikamuuliza imamu kama naweza kugharimia jiwe la kaburi, akaniambia kwa upole kwamba kwao udongo unatosha. Nikamshukuru. Lakini njiani kurudi niliona ni afadhali hivyo. Hakuna atakayekwenda kumsugua.

Leo hii nina nyumba ya tofali za kuchoma na bati la migongo mipana. Nina lori moja linalotembea na moja lililokaa juu ya magogo. Nina shamba la kahawa ambalo limepona kutu, na mashine ya kumenyea kahawa. Nina ng'ombe wa maziwa, na mtumbwi kule Lituhi unaonivulia dagaa. Nina wajukuu kumi na mmoja, wote nimewasomesha, wote wanasoma bila kutumia kidole. Pale njiani, kwenye nguzo, sina herufi ya kuwasomesha.